Chunjua ya Rais wa Sikukuu

Katika miaka saba ya kuwapaka watu rangi usoni kwa ajili ya tiatr, michezo yetu ya jukwaani yenye nyimbo, mimi Zeferino sijawahi kuiba uso wa mtu aliye hai. Kabaila katili, hakimu mla rushwa, mama mkwe mwenye ulimi wa wembe, mlevi wa njia panda, wote hao nimewatoa kichwani mwangu, na kichwa changu kina nafasi ya kutosha kwa sababu shuleni hakikujazwa sana. Matokeo yangu ya mtihani wa mwisho mwalimu mkuu aliyasoma kwa sauti ya chini, kama anayetangaza msiba wa nyumba ya jirani.

Sheria hiyo nilipewa na marehemu Domnik, aliyenifundisha kazi. Domnik aliwahi kumpaka mwigizaji mmoja uso wa inspekta fulani wa polisi, hadi kovu la kidevuni. Inspekta akaja kutazama, tena kwa tiketi aliyoinunua mwenyewe. Domnik akaenda kuishi Bombay kwa dada yake miezi minane. Alikuwa akisema jela ingekuwa na wali bora zaidi.

"Chukua uso wa sanamu," aliniambia. "Chukua wa maiti. Chukua wa mbuzi ukipenda. Wa jirani usiuguse."

Basi sikuugusa. Pua ya hakimu wangu niliitoa kwa Pilato, yule wa sanamu za Ijumaa Kuu. Mama mkwe wangu ana macho ya bata wetu mmoja aliyeliwa Krismasi. Watu wanaojua tiatr watakwambia: Zeferino ni mbunifu. Niliwahi hata kulisema jambo hilo mbele ya padri.

Mwaka ninaousimulia tulialikwa sikukuu ya kanisa dogo la Bandavado, huku kwetu Salcete. Tiatr ilikuwa ya Mzee Rumaldo, kiongozi wetu, ambaye hutunga, hufundisha, na hulia nyuma ya pazia akisikia maneno yake mwenyewe. Mapazia saba kama kawaida, yaani sehemu saba, na nyimbo mbele ya pazia kila linapofungwa. Iliitwa *Ukuta wa Mjane*. Kisa kilikuwa kilekile cha mwaka uliotangulia, isipokuwa mwaka uliotangulia mjane alikuwa yatima.

Kabaila wa kumtesa mjane alikuwa Anaceto. Kabaila wa kumtesa yeyote, miaka tisa mfululizo, alikuwa Anaceto. Ni mtu mpole kupita kiasi. Akijigonga kwenye kiti hukiomba kiti radhi. Ila Mungu alimpa nyusi nene na sauti inayotoka kama kisimani, na Mzee Rumaldo alipoisikia mara ya kwanza alisema hii ni sauti ya mtu mwenye hati za mashamba. Tangu hapo maisha yake yameharibika. Sokoni Margao kuna mama muuza samaki aliyekataa kumwuzia bangda kwa sababu Jumapili iliyopita alimtoa mjane nyumbani mvua ikinyesha.

"Mama, ile ni tiatr," Anaceto alimwambia.

"Mvua niliiona," akajibu yule mama, akamgeukia mteja mwingine.

Sasa, Anaceto alikuwa anampenda Sukurina wa Bandavado, na Sukurina alikuwa anampenda Anaceto, mambo mazuri kabisa mpaka hapo. Tatizo lilikuwa mjomba. Baba yake Sukurina alifia melini akiwa baharia, na aliyemlea ni mjomba wake, Bwana Bernabé, ambaye mwaka huo ndiye aliyekuwa rais wa sikukuu: yeye ndiye mwenye fataki, bendi, maua ya altare, na kiti cha mkono cha mstari wa mbele. Posa ilipopelekwa, Bwana Bernabé alijibu hivi:

"Huyo nimemwona. Nimemwona akimfukuza mjane. Nimemwona akimpiga mpangaji kwa mkongojo. Krismasi nimemwona akiuza nyumba ya mama yake mzazi, mama akiwa ndani."

"Mjomba, hiyo ni tiatr," Sukurina akamwambia.

"Mara ya kwanza ni tiatr. Mara ya tatu ni tabia."

Sukurina alilia wiki mbili na akapika vibaya wiki mbili, na nadhani ni hilo la pili lililomlainisha mjomba. Akakubali kumtazama Anaceto kwa makini siku ya sikukuu: kwanza mezani, kisha jukwaani. Jibu atalitoa pazia la mwisho likifungwa. Likiwa ni hapana, Sukurina atapelekwa Bombay kwa binamu yake, na habari itakuwa imeisha.

Anaceto akamwendea Mzee Rumaldo akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mzee, safari hii tu. Nipe padri. Nipe mlevi. Nipe hata yule ng'ombe wa pazia la kwanza."

"Na kabaila awe nani? Mimi?" Mzee Rumaldo ana sauti ya bawaba ya mlango. "Nikimtisha mjane kwa sauti hii, atanipa dawa ya kifua."

Walichokubaliana ni hiki: jina la atakayemwigiza kabaila halitatangazwa. Anaceto atatangazwa kama mwimbaji tu, na baada ya pazia la nne ataimba peke yake wimbo wa mama, kwa suti na kwa uso wake mwenyewe. Wimbo wa mama humlainisha yeyote. Kilichobaki ni uso wa kabaila, na kwa hilo akaja kwangu.

"Zeferino, ndugu yangu. Nipe uso ambao hauna hata chembe yangu. Bwana Bernabé anikodolee macho asinione kabisa."

"Uso wa nani?"

"Wa yeyote! Si kichwani kwako zimejaa?"

"Zimejaa," nikasema.

Kusema kweli, mwaka huo kichwani zilikuwa zimebaki tatu, na zote Bandavado walishaziona.

Siku yenyewe tulifika kabla ya adhuhuri, tukaketi mezani kwa rais wa sikukuu, maana rais ndiye anayelisha kundi. Sorpotel ilikuwepo, mchuzi wa nguruwe, ile iliyolala siku tatu ikakolea siki. Sanna zilikuwepo, vile vimkate vyeupe vya mchele, laini kama shavu la mtoto. Bwana Bernabé alikaa kichwani mwa meza. Ni mwanamume wa nyusi zinazokutana katikati na kusalimiana, sharubu fupi kama brashi ya viatu, na taya la chini lililotangulia mbele kama droo ambayo mtu amesahau kuifunga. Shavu la kushoto ana chunjua, kubwa kama punje ya pilipili manga. Mimi sikumtazama sana. Nilikuwa nakula.

Shangazi yake, Bibi Espiciosa, mwenye miaka themanini na kitu, hakuketi nasi. Alikaa kwenye mlango wa jikoni akihesabu nani ameongeza mara ngapi.

"Haya, Anaceto," Bwana Bernabé akaanza. "Leo tutakuona ukimfukuza nani?"

Anaceto alikuwa na sanna mdomoni. Ikachukua muda.

"Nitaimba, bwana. Wimbo wa mama."

"Na kabaila?"

"Mwigizaji mpya," Mzee Rumaldo akadakia. "Kutoka Bombay. Mtu wa ajabu sana, hali mezani na watu."

"Vizuri." Macho yakanijia mimi. "Na wewe kijana mwembamba? Unapiga nini?"

"Sipigi, bwana. Ni mpambaji. Napaka nyuso."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Ndiyo, bwana."

"Marehemu mke wangu alikuwa akiifanya kila Jumapili kabla ya misa. Tena bure."

Meza nzima ikacheka. Mpiga tarumbeta alicheka mpaka wali ukampalia, nikampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi sikuumia. Nilicheka pia, nikaongeza sorpotel. Mtu aliyeumia haongezi sorpotel.

Baada ya chakula Bandavado yote ililala, kama inavyolala siku zote saa nane mchana, na sikukuu haikuwa sababu ya kuacha. Mbwa walilala. Fataki zililala kwenye kapu lao. Nami nilijilaza kwenye benchi nyuma ya jukwaa nikalala fofofo mpaka saa tisa.

Saa tisa na nusu nikamketisha Anaceto mbele ya kioo, nikafungua sanduku, mkono ukaanza kazi wenyewe. Wapambaji watanielewa. Kuna siku unaongoza mkono, na kuna siku mkono unakuongoza. Nyusi zake nikaziunganisha katikati. Chini ya mdomo nikajaza pamba na nta, taya likatoka nje taratibu. Nikapaka gundi, nikabandika sharubu, nikazikata fupi. Mwisho nikamwekea chunjua shavu la kushoto, maana kabaila asiye na chunjua ni karani tu.

Anaceto akajitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu."

"Kama nimemwona mahali."

"Umekaa mbele ya kioo, Anaceto. Usipoona mtu uliyewahi kumwona, hapo ndipo uogope."

"Anaonekana ni mtu aliyekula vizuri."

"Makabaila wanakula vizuri. Nyanyua kidevu."

Mzee Rumaldo akapita, akamtazama, akapiga ishara ya msalaba. Nilidhani anaanza sala ya kabla ya onyesho, kwa hiyo nami nikapiga, na kundi zima likapiga. Tukasali. Kengele ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bendi ikapiga kwa nguvu na pazia likafunguka, jua likiwa bado juu na turubai juu ya watu likiwaka kama sufuria.

Pazia la kwanza lilikuwa la mjane na ng'ombe wake, likapita salama. La pili kabaila akaingia na mkongojo, taya la nta likiwa limeigeuza hata sauti yake.

Kwanza watu walinyamaza. Ni ukimya niliouzoea, makabaila wangu huwa wanatisha. Kisha upande wa wanawake ukasikika mlio mdogo, kama chungu kinachoanza kuchemka. Kisha leso zikatoka. Watu mia nne wakapata mafua kwa wakati mmoja. Nikachungulia kwenye tundu la pazia la pembeni, nikaona Bwana Bernabé wawili. Mmoja alikuwa jukwaani anadai shamba. Mwingine alikuwa kwenye kiti cha mkono mstari wa mbele, karibu na padri.

Nilishtuka. Naapa nilishtuka.

Padri alikuwa anayachunguza mafundo ya turubai kwa makini makubwa. Na Bwana Bernabé? Bwana Bernabé ndiye peke yake aliyekuwa anacheka kwa sauti. Alikuwa anajipiga goti.

"Mwone huyo!" alimwambia padri, na kijiji kizima kikasikia. "Mwone taya! Mtu mbaya unamjua kwa uso, padri. Sura kama hiyo hata mama yake aliifunika."

"Mm," padri akasema.

"Bombay wanazitoa wapi sura hizi?"

"Mm," padri akasema tena, akarudi kwenye mafundo.

Jambo hili si la ajabu kwa sisi wa kazi hii. Mtu hauoni uso wake kama tunavyouona sisi. Yeye huuona kwenye kioo cha kunyolea, na kioo hugeuza: chunjua ya kushoto huiona upande mwingine kabisa wa ule tunaouona tukisimama mbele yake. Nimewahi kuona waigizaji wakipewa picha zao na kuuliza huyu mzee ni nani. Kwa hiyo nikavuta pumzi. Bwana Bernabé alikuwa hamjui kabisa huyo mtu, na alikuwa anamchukia kwa moyo wote. Kilichotakiwa ni kufika pazia la saba hivyo hivyo.

La tatu likapita. La nne likapita, Bwana Bernabé akimzomea kabaila na kijiji kikifa kwenye leso. Pazia likafungwa. Nikamvuta Anaceto, nikamfuta uso wote kwa mafuta ya nazi, sharubu zikatoka, pamba ikatoka, akavaa suti, akapita mbele ya pazia akiwa yeye mwenyewe, na kuimba wimbo wa mama.

Sitausimulia wimbo. Kulikuwa na taa ya mafuta dirishani, na mama akiisubiri barua. Ile sauti ya kisimani, ikitumiwa kwa upole, inaweza kumtoa mtu machozi hata akiwa anadaiwa. Wanawake wakalia waziwazi. Bwana Bernabé akapenga kamasi kwa mlio uliompita mpiga tarumbeta, akageuka kumtafuta Sukurina, aliyeketi na wanakwaya, akamtikisia kichwa. Kichwa cha ndiyo. Nilikiona kwenye tundu. Sukurina aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Tena! Tena!" watu wakapaza sauti. Anaceto akaimba tena, ubeti wa barua mara mbili.

Hapa lazima nieleze saa ya mpambaji. Sisi hatuna dakika, tuna nyimbo. Pazia la tano linafunguka na kabaila akiwa jukwaani, na kati ya wimbo wa Anaceto na pazia hilo kulikuwa na wimbo mmoja tu, wa Piu, mchekeshaji, kuhusu bei ya samaki. Beti nne. Watu wakimwitia "tena" napata beti nyingine nne, na huo ni muda wa kumjenga kabaila akiwa ametulia. Piu huitiwa "tena" kila mara. Sijawahi kumwona hajaitiwa.

Ila watu walikuwa bado wanalia. Hakuna aliyetaka habari za samaki. Piu aliimba beti zake nne mbele ya watu mia nne wanaowawaza mama zao, akainama, akatoka kwa makofi ya mtu mmoja, ambaye ni mke wake.

Nami nyuma ya pazia nilikuwa na Anaceto asiyetaka kukaa.

"Ametikisa kichwa! Umeona? Zeferino, umeona?"

"Nimeona. Geuka."

"Kichwa cha ndiyo kabisa!"

"Geuka huku, Anaceto!"

Hakugeuka. Alikuwa amekikabili kioo, anajichekea, na kumgeuza mtu mwenye furaha ni sawa na kugeuza ngarawa barabarani. Nikafanya kazi nikiwa nyuma yake, juu ya bega lake, macho kwenye kioo. Pamba, nta, nyusi, sharubu. Kengele ikalia. Chunjua nikaibandika pale ambapo macho yangu yalizoea kuiona, upande wa mkono wangu wa kulia. Akakimbia jukwaani. Ni baada ya mlango kujifunga ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kioo kilikuwa kimegeuza. Chunjua ilikuwa imehamia shavu la kulia.

Pazia la tano likafunguka. Bwana Bernabé alikuwa tayari amefungua mdomo kucheka. Ukabaki wazi hivyohivyo.

Mbele yake, juu ya mbao, alisimama mtu ambaye yeye humnyoa kila asubuhi kwenye kioo.

Mkono wake ukapanda polepole mpaka shavuni, ukaigusa chunjua. Wakati huohuo, kwa bahati ambayo sijui niiweke wapi, Anaceto naye akajipapasa shavu akifikiria namna ya kumpokonya mjane mbuzi. Bwana Bernabé akasimama. Bendi ikadhani rais wa sikukuu anataka kuhutubia, ikampigia tarumbeta na ngoma za heshima. Alisimama mpaka zikaisha. Kisha akakaa.

Hakuna aliyetoa leso tena. Mapazia matatu ya mwisho yalichezwa katika ukimya wa Ijumaa Kuu, na Mzee Rumaldo, huku nyuma, alinishika bega akilia.

"Hawajawahi kunisikiliza namna hii," akaniambia.

Baada ya pazia la saba jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi na watu walikuwa wanatoka haraka kuliko kawaida, kila mmoja akitaka kucheka akiwa nyumbani kwake. Nyuma ya jukwaa Anaceto alikuwa amekaa mbele ya kioo. Ameshatoa taya, bado nyusi na chunjua. Mlango ukafunguka. Aliingia Bwana Bernabé, nyuma yake Sukurina, uso mweupe kama sanna, akimshika mkono Bibi Espiciosa.

"Yuko wapi mtu wa Bombay?" Bwana Bernabé akauliza.

Mzee Rumaldo akatazama dari. Hapakuwa na dari. Piu akakumbuka kwamba mkewe anamngoja.

Anaceto akasimama. Angeweza kunawa kwanza, ndoo ilikuwa pale. Yeye akasimama vilevile, nyusi zimeshikana, na akasema kwa ile sauti, "Ni mimi, bwana. Nilikudanganya mezani. Niliogopa ukiniona tena na mkongojo utasema hapana. Sukurina usimlaumu, yeye hakujua."

"Ulikuja nyumbani kwangu," Bwana Bernabé akasema. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Ukala kwangu. Ukautoa uso wangu mezani kwangu, ukauvaa mbele ya kijiji changu, siku ya sikukuu yangu. Nami nikacheka. Padri ni shahidi, nilicheka kuliko wote."

"Mjomba…" Sukurina akaanza.

"Wewe nyamaza. Binamu yako Bombay ana chumba."

Basi nikaona lazima niseme kitu.

"Bwana Rais, hapa kuna kutoelewana. Uso ule umetoka kichwani mwangu. Mimi ni mbunifu, mtu yeyote Margao atakwambia. Kama umefanana na mtu ni bahati mbaya tu. Wewe sijakutazama hata mara moja. Mezani nilikuwa natazama sahani."

"Hilo ni kweli," Mzee Rumaldo akasema. "Alikula sana."

"Hukunitazama?"

"Hata mara moja, bwana."

"Basi kuna aliyekuelekeza. Nyusi hivi, taya hivi, chunjua hapa." Akamgeukia Anaceto. "Na humu ndani aliyekuwa anatafuta uso wa kujifichia ni mmoja tu."

Anaceto akanitazama. Alinitazama kama anavyokitazama kiti alichokigonga. Nami, kwa kuwa nilikuwa tayari nimesema maneno mengi, niliona si adabu kuongeza.

Bwana Bernabé akamshika Sukurina mkono, wakageuka mlangoni. Bibi Espiciosa hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, jicho moja limefumba, kama mtu anayetazama kitambaa akijaribu kukumbuka alikinunua duka gani.

"Bernabé," akasema. "Huyu mwembamba ndiye yule wa barazani."

"Baraza gani, shangazi?"

"Barazani kwako. Mchana. Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti chako, mdomo wazi, kama unavyolala. Nikatoka kumwaga maji, nikamkuta huyu amepiga magoti mbele yako. Nikasema, loo, kijana wa watu, anasali."

"Bibi," nikasema, "labda alikuwa mpiga tarumbeta."

"Mpiga tarumbeta ni mnene. Tena yeye aliongeza mara nne." Akaendelea, hana haraka kabisa. "Kumbe hasali. Ana penseli na karatasi. Anaandika, anakutazama, anaandika. Kisha akachomoa chelewa kwenye ufagio wangu, akakuwekea puani hivi, akaivunja kwa urefu wa pua yako. Nikamwuliza, mwanangu, unafanya nini? Akaniambia, bibi, napima baraza, mwakani tutaleta taa za kupamba. Mtu ana heshima, nikamletea kigoda akae."

Wote wakanigeukia. Hata Anaceto alikuwa ananitazama kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Na huyu?" Bwana Bernabé akauliza, akimwonyesha Anaceto kwa kidevu. "Huyu alikuwa wapi wakati huo?"

"Huyu? Alikuwa jikoni kwangu anakuna nazi, na hajui kukuna. Nilimnyang'anya. Hakutoka mpaka walipomwita kuvaa."

Bwana Bernabé akauachia mkono wa Sukurina.

"Anaceto. Nawa uso."

Anaceto akanawa kwa pupa, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Mzee Rumaldo. Alipoinua kichwa, hakuna kilichobaki ila yeye.

"Jibu lako ni ndiyo," Bwana Bernabé akasema. "Nalitoa kwa huo uso. Ule mwingine nisiuone tena nyumbani kwangu isipokuwa kwenye kioo."

Sukurina akalia upya, Mzee Rumaldo akalia pamoja naye, na kwa dakika moja kulikuwa na kelele za kukumbatiana za kutosha mtu mwembamba kujipenyeza mpaka mlangoni bila kuonekana. Nilikuwa nimeshafika kwenye kizingiti.

"Wewe mpambaji."

Nikageuka. Bwana Bernabé alikuwa amenyoosha kiganja.

"Mfuko wa shati."

"Bwana, humo hamna kitu, ni takataka tu za…"

"Mfuko."

Nikazitoa chelewa. Bibi Espiciosa akasogea karibu, akafumba lile jicho, akahesabu.

"Mbili," akasema. "Mimi niliona ya pua tu. Hii ndefu ni ya nini?"

"Ya taya, bibi," nikasema.